Kolesteroli: Kidonge, Sahani na Miguu

Mwaka 1959 jarida la tiba la Lancet, la Uingereza, lilichapisha utafiti uliofanyika Uganda. Watafiti wawili, A. G. Shaper na K. W. Jones, walilinganisha kolesteroli, chakula na magonjwa ya moyo kati ya Waafrika na wakazi wenye asili ya Asia. Waafrika walikuwa na kolesteroli ndogo, na ugonjwa wa kuziba kwa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haujulikani kwao. Kwa majirani zao Waasia, kolesteroli ilikuwa juu na ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuwa tatizo kubwa. Nchi moja, jua moja, lakini sahani tofauti na maisha tofauti.

Leo hakuna daktari wa moyo Kampala, Nairobi wala Dar es Salaam anayeweza kuandika maneno hayo. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, huwazibua mishipa Waafrika wenzetu, na si wazee peke yao. Damu yetu haijageuka katika miaka sitini na kitu. Kilichogeuka ni tunachokula, tunavyotembea na tunavyokaa, na kolesteroli imepanda pamoja na mabadiliko hayo.

Swali la nini kifanyike limewagawa watu. Wako wanaomeza kidonge na kuendelea na chipsi mayai kila jioni, wakiamini dawa inafuta kila kitu. Wako wanaoogopa dawa kama sumu na kuapa kwa kitunguu saumu na ndimu. Wako wanaokimbia kila alfajiri na kushangaa cheti cha maabara kinapokataa kubadilika. Wote wameshika ukweli kwa upande mmoja. Dawa, chakula na mazoezi vina kazi tofauti mwilini, kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine, na vyote vitatu hupimwa kwa kigezo kimoja tu: mtu amedumu navyo kwa miaka mingapi.

Kinachopimwa kwenye damu

Kolesteroli, au lehemu kama wengine wanavyoiita, si sumu. Mwili huihitaji kujenga kuta za seli na kutengeneza homoni na nyongo, na sehemu yake kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Kwa kuwa haiyeyuki kwenye maji, husafiri ndani ya damu ikiwa imebebwa na chembechembe za protini na mafuta. Zile zinazoitwa LDL zikizidi hupenya kwenye kuta za mishipa na kubaki humo. Hapo hujengeka utando, mwaka baada ya mwaka, bila maumivu wala homa. Siku utando huo unapopasuka, damu huganda juu yake. Ikitokea kwenye moyo ni mshtuko wa moyo. Ikitokea kwenye ubongo ni kiharusi.

Cheti cha maabara kwa kawaida huonyesha namba nne: kolesteroli yote kwa jumla, LDL, HDL na trigliseridi, ambayo ni aina nyingine ya mafuta ya damu. Watu wengi huangalia ya kwanza, na ndiyo isiyoeleza mengi. LDL ndiyo inayofuatwa na tiba. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, LDL iliyo chini ya 2.6 kwa kipimo cha milimoli kwa lita (sawa na 100 kwa kipimo cha miligramu kwa desilita) huhesabiwa kuwa nzuri. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo hutakiwa kushuka chini zaidi, hadi 1.8 au hata 1.4.

HDL imepewa jina la kolesteroli nzuri, na jina hilo limewapotosha wengi. Ni kweli kwamba wenye HDL ya juu kiasi huugua moyo mara chache, lakini kuipandisha kwa dawa hakujaleta faida iliyotarajiwa. Mwaka 2006 jaribio kubwa la dawa iitwayo torcetrapib, iliyokuwa ikipandisha HDL sana, lilisimamishwa kwa sababu waliokuwa wakiitumia walikufa zaidi ya wasioitumia. Kwa hiyo mtu mwenye LDL ya juu asijifariji kwamba ile nzuri pia iko juu.

Uthibitisho mkubwa wa ubaya wa LDL umetoka kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2006 Helen Hobbs na Jonathan Cohen, wa chuo kikuu cha tiba mjini Dallas, pamoja na wenzao, walieleza juu ya Wamarekani weusi waliozaliwa na hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9. Hitilafu hiyo hulifanya ini livute LDL nyingi zaidi kutoka kwenye damu. Watu hao, ambao walikuwa kama asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa, walikuwa na LDL iliyo chini kwa asilimia 28 kuliko wenzao. Hatari yao ya kuugua mishipa ya moyo ilikuwa chini kwa asilimia 88.

Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo la kutazamwa. Majaribio ya dawa yameonyesha kwamba kushusha LDL kwa milimoli 1 kwa lita kwa muda wa miaka kama mitano hupunguza mishtuko ya moyo, viharusi na shida nyingine kubwa za mishipa kwa karibu moja ya tano. Hiyo ni faida kubwa. Waliozaliwa na LDL ndogo wamepata kinga iliyozidi hiyo maradufu, kwa sababu mishipa yao haikuanza kuumizwa miaka hamsini kabla ya tiba. Kinachoharibu mshipa ni kiwango cha LDL kikizidishwa kwa miaka. Bandu bandu huisha gogo, na anayeanza kujitunza akiwa na miaka thelathini na mitano ananunua kitu ambacho mwenye sitini na mitano hawezi tena kukipata chote.

Sahani

Katika maduka yetu, chupa nyingi za mafuta ya kupikia zimeandikwa kwamba hazina kolesteroli. Maandishi hayo ni ya kweli na hayasaidii kitu. Mafuta ya mimea yote kwa kawaida hayana kolesteroli ya maana, kwa kuwa hiyo hutoka kwa wanyama. Linalopandisha LDL zaidi ni wingi wa mafuta yaliyoshiba, yaani yale ambayo mengi yake huganda yakipoa. Hayo ndiyo hulifanya ini lipunguze kasi ya kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya aina hiyo. Mawese, ambayo ndiyo yanayojaza chupa nyingi na madumu mengi ya bei nafuu Afrika Mashariki, ni karibu nusu. Mafuta ya alizeti, yale yanayokamuliwa Singida na Dodoma, yana kama asilimia 11 tu. Mama anayebadilisha mawese kwa alizeti, bila kubadilisha kingine chochote jikoni, ameshafanya tiba.

Nazi inahitaji maneno ya uangalifu, kwa sababu ni roho ya upishi wa Pwani na hakuna haja ya kuitukana. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mafuta ya nazi hupandisha LDL kwa takriban miligramu 10 kwa kila desilita yakilinganishwa na mafuta ya mimea isiyo ya tropiki. Kwa mtu mzima wa afya anayekula wali wa nazi mara moja kwa juma, na mchana kutwa yumo shambani au baharini, hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye LDL ya juu anayekula kisamvu cha nazi, maharage ya nazi na samaki wa kupaka mfululizo, huku akishinda amekaa ofisini, ni jambo la kupunguza. Tui jepesi badala ya tui zito, na siku za nazi zikihesabika, mezani bado patakuwa Pwani.

Adui mbaya kuliko wote hajatoka kwa ng'ombe wala mnazi. Ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, yale yaliyotumika miaka mingi kwenye biskuti, keki na mafuta mgando. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan, walionyesha kwamba mafuta ya aina hiyo hupandisha LDL na papo hapo kushusha HDL. Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula ifikapo mwaka 2023. Mtu mmoja hawezi kuyaona kwa macho ndani ya mkate. Hapa ni sheria na ukaguzi vinavyotakiwa.

Mayai yamelaumiwa kupita kosa lake. Kolesteroli inayoliwa huathiri ile ya damu kwa kiasi kidogo kuliko mafuta yaliyoshiba, na mwaka 2015 miongozo ya lishe ya Marekani iliondoa kikomo chake cha zamani cha miligramu 300 kwa siku. Yai la kuchemsha si sawa na yai lililokaangwa ndani ya chipsi zilizokunywa mafuta yaliyotumika tangu juzi. Vilevile supu ya kongoro, utumbo, nyama ya nundu na samli vina nafasi yao kwenye sherehe, ila si kwenye kifungua kinywa cha kila siku.

Baada ya kupunguza, kuna kuongeza, na hapa Afrika Mashariki ni tajiri. Nyuzinyuzi laini za kunde, choroko, dengu, mbaazi, maharage na bamia hushika nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini hulazimika kuchukua kolesteroli ya damu kutengeneza nyongo mpya. Bakuli la jamii ya kunde kila siku hushusha LDL kwa kama asilimia 5. David Jenkins na wenzake wa Toronto walikusanya vyakula vya namna hii pamoja: shayiri, soya, lozi, bamia na siagi ya mimea iliyotiwa viungo vya kuzuia kolesteroli. Katika jaribio lao la mwaka 2003 LDL ilishuka kwa karibu asilimia 29 kwa mwezi mmoja, karibu sawa na kundi lililokula chakula chenye mafuta machache na kumeza statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Watu walipoachiwa kula majumbani kwao wakipewa ushauri tu, katika jaribio la mwaka 2011, faida ilibaki kama asilimia 13. Chakula kina nguvu, lakini nguvu hiyo hupungua kadiri mlo unavyokuwa mgeni kwa mlaji. Ndiyo maana lishe ya kolesteroli kwetu ni lazima ianzie kwenye dona, mchicha, dagaa na maharage, vitu ambavyo hakuna wa kumfundisha mtu kuvila.

Mawili mengine yanasahauliwa. Kwanza, trigliseridi hupandishwa hasa na sukari, soda, pombe na unga mweupe kuliko mafuta. Mwenye shida hiyo akikataa nyama na kuendelea na chai ya vijiko vinne, hajatibu kitu. Pili, kahawa inayochemshwa na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi ina kiini kiitwacho kafestoli kinachopandisha LDL. Vikombe viwili vidogo vya kahawa chungu kwenye baraza havina neno. Anayekunywa nyingi kutwa nzima na namba zake hazishuki, afikirie kuichuja.

Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, lakini hakishushi LDL. Mwaka 2007 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford waliwapa watu wazima 192 saumu mbichi au vidonge vyake kwa miezi sita, na hawakuona tofauti. Jaribio la mwaka 2022 lilipambanisha dozi ndogo ya statini iitwayo rosuvastatini na mafuta ya samaki, mdalasini, saumu, manjano na viongeza vingine vinavyouzwa madukani. Dawa ilishusha LDL kwa karibu asilimia 38 kwa siku 28. Hakuna kiongeza hata kimoja kilichozidi kidonge kisicho na dawa. Fedha inayokwenda kwenye chupa hizo ingenunua statini ya miezi.

Miguu

Mwaka 1964 George Mann, mtafiti kutoka Marekani, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa Wamasai wa Tanganyika. Walikunywa maziwa kwa wingi na kula nyama, na bado kolesteroli yao ilikuwa ndogo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walieleza walichokiona kwenye mioyo ya Wamasai 50 waliofariki: utando ulikuwepo kwenye mishipa, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka, na dalili za mshtuko wa moyo zilikuwa nadra. Wamasai hawakuwa wamepona athari ya mafuta. Mishipa yao ilikuwa imejipa nafasi.

Utafiti wa Watanzania uliochapishwa mwaka 2010, ukiongozwa na Julia Mbalilaki, uliipima shughuli ya mwili. Wamasai walitumia wastani wa kalori 2565 kwa siku juu ya zile za mwili uliopumzika, wakulima wa vijijini 1500, na watu wa mjini 891. Anayesema babu zetu walikula nyama ya mafuta na kuishi miaka mingi asisahau kusema walikwenda wapi kwa miguu siku hiyo.

Hata hivyo tusiyape mazoezi kazi ambayo si yake. Kutembea na kukimbia hushusha trigliseridi vizuri, huinua HDL kidogo, na LDL huisogeza kidogo sana. Mtu anayefanya mazoezi miezi sita na kukuta LDL ileile asikate tamaa, kwa sababu faida kubwa iko kwingine: shinikizo la damu linashuka, sukari inadhibitiwa, kitambi kinapungua, moyo unapata nguvu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa juma. Zile za chini ni sawa na dakika 30 kwa siku tano, na zinatimizwa na anayeshuka kwenye daladala au matatu vituo viwili kabla ya kufika. Kulima, kuchota maji na kusukuma mkokoteni pia huhesabiwa. Anayezihitaji zaidi ni yule ambaye kazi yake imemfunga kwenye kiti, usukani au mashine ya cherehani.

Kidonge

Dawa iliyobadilisha historia ya ugonjwa huu ilitoka kwenye ukungu. Akira Endo, Mjapani aliyefanya kazi katika kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, alichunguza zaidi ya aina 6,000 za vimelea, na mwaka 1973 akapata kiini cha kwanza cha statini kutoka kwenye ukungu uliotokana na mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Kiini hicho huzuia hatua moja katika utengenezaji wa kolesteroli ndani ya ini. Ini likipungukiwa, huongeza vipokezi vya kuvuta LDL kutoka kwenye damu. Vipokezi hivyo ndivyo vilivyowapatia Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Statini ya kwanza, lovastatini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987.

Ushahidi uliowanyamazisha wenye shaka ulitoka Skandinavia mwaka 1994. Wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa: nusu wakapewa simvastatini, nusu kidonge kitupu. Baada ya miaka zaidi ya mitano, kwenye kundi la kidonge kitupu walikuwa wamekufa 256. Kwenye kundi la dawa, 182. Mwaka 2007 simvastatini iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Leo atorvastatini na rosuvastatini hutengenezwa na viwanda vingi kwa bei iliyoshuka sana, na dozi kubwa zake hushusha LDL kwa nusu. Kuongeza dozi maradufu huongeza kama asilimia 6 tu, hivyo isiposhuka vya kutosha madaktari huongeza dawa ya pili, ezetimibe, inayozuia kolesteroli isinyonywe tumboni. Sindano mpya zilizotokana na ugunduzi wa PCSK9 hushusha LDL kwa nusu au zaidi, lakini bei yake bado haijafika kwenye mfuko wa mtu wa kawaida. Ni jambo la uchungu kwamba ugunduzi uliotokana na damu ya watu wenye asili ya Afrika unachelewa namna hii kuifikia Afrika.

Hofu ya dawa ipo, na haifai kudharauliwa. Statini zinaweza kuleta maumivu ya misuli. Mara chache sana huharibu misuli vibaya. Huongeza kidogo uwezekano wa kisukari kwa mtu aliyekuwa karibu nacho. Madhara makubwa ya ini ni nadra mno. Lakini maumivu mengi hayatokani na dawa. Watafiti wa Imperial College London waliwafuata watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa miezi ya dawa, miezi ya kidonge kitupu na miezi bila kidonge. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba sehemu tisa kati ya kumi za dalili zilijitokeza pia kwa kidonge kitupu. Mateso yalikuwa ya kweli. Chanzo chake kikubwa kilikuwa matarajio. Anayeumia amwambie daktari, abadilishiwe dozi au aina, asiitupe dawa kimyakimya.

Wapo wanaohitaji uangalifu zaidi. Mjamzito, anayepanga mimba au anayenyonyesha aongee na daktari kabla ya kuendelea. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aseme hivyo waziwazi, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo, zikiwemo zenye ritonaviri, hazichanganyiki na simvastatini. Kundi hili halifai kuachwa nyuma: jaribio lililochapishwa mwaka 2023, lenye washiriki 7,769 wakiwemo wa Uganda, lilionyesha kwamba pitavastatini ilipunguza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35 kwa watu wanaoishi na virusi. Na anayefunga Ramadhani hana sababu ya kuacha, kwani statini humezwa mara moja kwa siku. Inamezwa baada ya kufuturu.

Nani aanze na nini

Namba ya LDL peke yake haitoshi kuamua. Kijana asiyevuta sigara, mwenye shinikizo zuri na LDL ya 3.5, anaweza kuanza na chakula na miguu, apimwe tena baada ya miezi michache. Mwenye LDL hiyohiyo, kisukari na shinikizo la juu, anahitaji dawa sasa, pamoja na hayo mengine. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha kuziba mshipa asisubiri kuona kama bamia itafanya kazi. Na LDL ikifika 4.9 au zaidi, ishuku familia: kama mtu mmoja kati ya 250 duniani huzaliwa na hitilafu ya kurithi, na hapo ndugu na watoto wapimwe pia. Mtu huyo hata akila majani matupu hatafika mahali salama bila dawa, na kumlaumu kwa ulafi ni dhuluma.

Kosa linaloua zaidi huja baada ya mafanikio. Mgonjwa anapima, namba zimeshuka, anasema nimepona, anaacha. Ndani ya wiki chache LDL inarudi pale pale ilipokuwa, na mishipa inaendelea kujengewa utando. Namba iliyoshuka ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi, na ni sababu ya kuiendeleza.

Kudumu huko hakuwezi kuwa mzigo wa mgonjwa peke yake. Zahanati inayotoa statini ya wiki mbili kwa ugonjwa wa maisha inamfundisha mgonjwa kuacha. Bima isiyolipia kipimo cha mafuta ya damu inangoja kulipia kiharusi. Mji usio na njia ya waenda kwa miguu unawakalisha watu wake kwa lazima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Serikali zetu zimejua kuweka dawa za kufubaza virusi mkononi mwa mamilioni ya watu na kuwafuatilia miaka nenda miaka rudi. Uwezo huohuo ukielekezwa kwenye shinikizo, sukari na kolesteroli, zahanati ya kata itaweza kumlinda mtu asifike kabisa kwenye chumba cha kuzibua mishipa. Mpaka hapo, kila aliyevuka miaka arobaini, na mapema zaidi mwenye kisukari, shinikizo au ndugu aliyeugua moyo angali kijana, akapime, aijue LDL yake, na amuulize daktari swali moja: kwa hatari niliyo nayo mimi, kipi kati ya vitatu hivi nianze nacho leo, na nitakidumisha vipi?